Chombo Kisiende Mrama: Mambo ya Kujua Kabla ya Kupanda Boti au Kuinunua

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Dundori)



Najua wengine wenu mmeshangaa mlipoona somo la leo. Sisi watu wa Dundori ni watu wa viazi, kabeji na maziwa. Maji mengi tunayoyaona karibu ni Ziwa Ol Bolossat huko upande wa Nyandarua, na tukienda huko ni kutazama viboko tu. Sasa boti na meli zinatuhusu nini?

Zinatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, watoto wetu wametawanyika. Wako Mombasa wanaovuka feri ya Likoni wakienda kazini, na wako wenye ndugu Mpeketoni kule Lamu. Vikundi vyetu navyo vinapenda safari za mafunzo, na kikundi kikifika Naivasha au Kisumu hakirudi bila kupanda boti. Ya pili, kikundi kimoja cha vijana wetu, ambao baadhi yao wanafanya kazi Naivasha, kimeleta ombi la mkopo kutoka kwa hazina yetu ya pamoja. Wanataka kununua boti iliyotumika, ya kubeba wageni ziwani. Ombi hilo tutalijadili katika mkutano ujao.

Pesa hizo ni za akina mama wanaoamka saa kumi za usiku kukamua. Na abiria watakaopanda boti hiyo ni watoto wa watu. Kwa hivyo sikuja kuwaambia mkubali au mkatae. Nimekuja ili siku ya kuamua, kila mmoja wetu ajue anaamua juu ya kitu gani. Ng'ombe hatumnunui kwa kutazama rangi, tunamfungua mdomo tukahesabu meno. Boti nayo ina meno yake.

1. KWA NINI CHOMBO HUELEA

Chukueni mtungi wa lita 20, mtupu, mfunge kifuniko vizuri, kisha mjaribu kuuzamisha ndani ya tangi la maji. Unakataa. Maji yanausukuma juu. Mtu wa kale aliyeitwa Archimedes, wa mji wa Syracuse, ndiye aliyeeleza sheria hiyo: maji husukuma kitu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando na kitu hicho. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hivyo mtungi wa lita 20 ukizamishwa wote unasukumwa juu kwa nguvu ya kilo 20 hivi. Ndiyo maana meli ya chuma huelea. Chuma chenyewe kinazama, lakini mwili wa meli una tumbo lililojaa hewa, na tumbo hilo linasukuma maji mengi kando.

Hebu tupige hesabu ya boti ndogo. Tuseme ina tumbo bapa kama sanduku, urefu mita 5 na upana mita 1.2. Eneo lake ni mita 6 za mraba. Boti hiyo ikishuka sentimita 1 tu majini, imesukuma kando lita 60 za maji, yaani mitungi mitatu. Basi kila mtu mzima wa kilo 60 anayepanda anaishusha sentimita moja. Watu kumi, sentimita kumi. Na boti ya kweli si sanduku, imechongoka mbele, kwa hivyo inashuka zaidi ya hapo.

Sasa kitu cha kutazama ni ule ubavu uliobaki juu ya maji. Huo ndio akiba ya boti, kama vile pesa mnazobakiza benki baada ya kugawa mikopo. Tuseme umebaki sentimita 25. Mtu wa tamaa anaona bado kuna nafasi ya watu wengine kumi. Lakini wimbi dogo lina sentimita 20, na watu wakiegemea upande mmoja, upande huo unashuka sentimita 10 bila shida. Akiba imekwisha, maji yanaingia.

Ninyi mnajua habari ya magunia ya viazi yaliyoongezwa kichwa, yale tunayoyaita mukurino. Sheria inasema gunia ni kilo 50, lakini mnunuzi anashona wavu juu na kujaza mpaka gunia linakuwa na kilemba. Kwa viazi, anayeumia ni mkulima na mgongo wa mbebaji. Meli nazo ziliwahi kujazwa hivyo hivyo. Huko Uingereza karne ya kumi na tisa mabaharia wengi walikufa katika meli zilizopakiwa kupita kiasi, mpaka mbunge mmoja aliyeitwa Samuel Plimsoll akawatetea. Mwaka 1876 bunge lilipitisha sheria kwamba kila meli ichorwe alama ubavuni ya kuonyesha mwisho wa kupakia. Leo mkienda bandarini Mombasa mtaona alama hiyo: duara lililokatwa na mstari. Mstari ukizama, meli imezidi.

Pembeni mwa duara hilo kuna mistari mingine midogo, na mmoja ni wa maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari ni mazito kidogo, lita 1,000 zina kilo 1,025 hivi. Kwa hivyo boti ile ile, na mzigo ule ule, inashuka zaidi Naivasha kuliko Mombasa. Muuzaji akiwaambia boti ilikuwa inabeba watu fulani baharini, msichukue hesabu hiyo kama ilivyo.

2. KWA NINI CHOMBO HUPINDUKA

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na ningeomba mnisikilize vizuri. Vyombo vingi vinavyoua watu katika nchi zetu hupinduka kwanza, ndipo vikazama. Swali la kilo ngapi ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni: kilo hizo zimekaa wapi?

Tunaposema mambo yamekwenda mrama, maneno hayo tumeyapata kwa mabaharia. Chombo huenda mrama kinapoyumba ubavu kwa ubavu. Kuyumba kwenyewe si kosa, kila chombo huyumba. Swali ni kama kinarudi.

Fanyeni jaribio hili nyumbani. Wekeni karai tupu juu ya maji, mtie jiwe katikati, chini kabisa. Lisukumeni upande mmoja: linalala kidogo, linarudi. Sasa wekeni mkebe mrefu ndani ya karai na jiwe lile lile juu ya mkebe. Sukumeni tena. Karai linapinduka. Jiwe ni lile lile, kilo ni zile zile.

Sababu ni hii. Boti ikilala upande wa kulia, sehemu kubwa ya tumbo lake inazama upande huo, na maji yanasukuma juu kwa nguvu zaidi kutoka huko huko kulia. Uzito nao unavuta chini kutoka mahali ulipokusanyika. Uzito ukiwa chini, haujasogea sana, kwa hivyo maji yanainua upande ulioshuka na boti inasimama. Uzito ukiwa juu, boti ikilala uzito nao unakwenda kulia kabisa, unapita mahali maji yanaposukuma, na badala ya kurudisha boti unaimalizia kuiangusha.

Mambo haya hamyaoni mara ya kwanza. Mmeona mkokoteni wa punda uliopakiwa nyasi mpaka juu ukipita kwenye mtaro. Mmeona matatu iliyojaza keria ikikata kona. Mizigo ingekuwa sakafuni, kona hiyo ingepitika.

Mafundi wa majahazi wa pwani wanayajua haya tangu zamani. Jahazi lisilo na shehena hutiwa mawe au mchanga tumboni ili litulie, na mzigo huo wa kutuliza unaitwa farumi. Ngalawa, ambayo ni mtumbwi mwembamba sana, hutiwa magongo mawili ubavuni yanayoelea, moja kila upande, kwa maana upana ndio unaoleta utulivu. Hata safina ya Nuhu, tukisoma Mwanzo sura ya 6, ilipimwa mikono 300 urefu, 50 upana, na 30 kwenda juu. Tazameni: kimo ni kidogo kuliko upana. Chombo kirefu kwenda juu na chembamba ni cha kuogopwa.

Watu nao ni mzigo, tena ni mzigo unaotembea. Mtu aliyeketi sakafuni ni farumi. Akisimama, uzito wake unapanda. Akikimbilia upande mmoja pamoja na wenzake, wanaweza kuangusha chombo ambacho kingefika salama.

Tukumbuke misiba yetu wenyewe. Tarehe 29 Aprili 1994, Ijumaa asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa ikiwa mita 40 hivi kutoka ufukweni. Ilitengenezwa kubeba watu 300, ikawa na zaidi ya 400. Watu 272 walikufa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Nafasi yake ilikuwa abiria 430, na hesabu ya serikali ya Tanzania ya waliokufa ilikaribia 900. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imebeba watu mara kadhaa kuliko kiasi kilichoruhusiwa. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, cha abiria 101, kilipinduka kikifika kisiwa cha Ukara. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko, na watu walikuwa wanarudi na mizigo yao. Taarifa za wakati ule zilisema abiria walisogea upande mmoja kivuko kikikaribia gati. Zaidi ya watu 220 walikufa.

Mmeona Mtongwe na Ukara zinavyofanana? Zote mbili ni karibu na nchi kavu. Fikirini chombo kinapokaribia kufika. Nchi kavu inaonekana, unaweza hata kumtambua mtu aliyekuja kukupokea. Ndio wakati ule watu husimama, huchukua mizigo, husukumana wawe wa kwanza kushuka. Sisi tumezoea kwenye matatu kwamba ukikaribia stendi unasimama mlangoni. Kwenye boti tabia hiyo inaua.

3. MAJI YALIYO NDANI

Mama aliyewahi kubeba mtungi ulio nusu anajua taabu yake. Mtungi uliojaa ni mzito lakini umetulia. Ule wa nusu unakuyumbisha, maji yanakimbia huku na huku, na kila ukiegemea kulia maji nayo yanakimbilia kulia.

Ndivyo ilivyo na maji yaliyoingia ndani ya boti. Boti ikilala, maji yote yanakimbilia upande ulioshuka na kuulaza zaidi. Kwa hivyo maji machache yaliyotandaa sakafuni yana hatari kuliko uzito wake. Tarehe 6 Machi 1987 huko Ubelgiji, feri kubwa iliyoitwa Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye sakafu pana ya magari, yakakimbilia upande mmoja, na kwa dakika chache feri ikalala. Watu 193 walikufa. Chuma hakikuvunjika. Mlango ulikuwa haujafungwa tu.

Ndiyo sababu mabaharia hawachoki kufua maji ya ngama, yaani maji yanayojikusanya chini tumboni. Boti bila kopo la kufulia au pampu si ya kupandwa.

Tena ni vizuri tumbo la chombo ligawanywe vyumba, kama trei ya mayai, ili chumba kimoja kikitoboka vingine vibaki na hewa. Lakini kuta ziwe kamili. Titanic, iliyozama Aprili 1912 na kuua zaidi ya watu 1,500, ilikuwa na vyumba 16. Ingeweza kuelea vinne vya mbele vikijaa. Barafu ilifungua zaidi ya vinne, na kuta hazikufika juu vya kutosha, basi maji yakajaza chumba kimoja na kumwagikia kingine. Kwenye boti ndogo, vyumba hivi ni yale masanduku ya hewa yaliyofungwa chini ya viti. Hayo ndiyo yanayofanya boti iliyojaa maji isizame, watu wakapata cha kushika.

Na hewa ikitoka, basi. MV Bukoba ilipokuwa imepinduka, ilibaki ikielea chini juu, na kulikuwa na watu ndani wakigonga chuma. Waokoaji walitoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kwa tundu hilo, na meli ikazama. Walifanya hivyo kwa huruma. Huruma bila elimu ya kazi imetuumiza mahali pengi, hata katika miradi yetu.

4. NGUVU YA MWILI WA CHOMBO

Ninyi mnaopaua nyumba mnajua: ubao wa sipresi wa inchi mbili kwa nne ukilazwa bapa unapinda, ukisimamishwa kwa ubavu unabeba mabati. Ubao ni ule ule, ila kimo chake ndicho chenye nguvu.

Meli nayo ni kama boriti ndefu. Wimbi likiinua katikati, ncha mbili zinaning'inia, na juu kunavutwa kama kutachanika. Wimbi likiinua ncha mbili, tumbo linaning'inia, na chini ndiko kunakovutwa. Jambo hilo hurudiwa mara maelfu katika safari moja. Kwa hivyo chombo hujengwa kama mwili wa mnyama: mkuku ndio uti wa mgongo, unapita chini kutoka mbele hadi nyuma, mataruma ndiyo mbavu, na mbao au vyuma vya nje ndivyo ngozi. Ngozi peke yake haibebi.

Mtume Paulo alisafiri katika meli iliyopata dhoruba. Tukisoma Matendo ya Mitume sura ya 27 tutaona mabaharia walizungushia meli kamba ili mwili usiachane, wakatupa shehena baharini ili meli iwe nyepesi. Mwishoni mbele ilikwama mchangani, na nyuma ikavunjwa na mawimbi. Hilo ndilo somo letu lote katika sura moja. Na watu wote 276 walifika nchi kavu, kwa sababu walikaa pamoja na wakasikiliza.

Nguvu hupotea mahali padogo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani iliunda meli nyingi kwa haraka kwa kuchomelea. Moja, Schenectady, ilikatika karibu vipande viwili tarehe 16 Januari 1943 ikiwa imetulia bandarini Portland, hakuna hata dhoruba. Wataalamu walipochunguza meli za namna hiyo waliona nyufa zilipenda kuanzia kwenye pembe kali za milango ya sitaha, au mahali palipochomelewa vibaya, na chuma kilikuwa cha aina inayokatika upesi penye baridi. Tangu hapo pembe hizo huviringwa. Basi mkikagua boti, msitazame katikati palipopakwa rangi nzuri. Tazameni pembe, maungio, na pale injini inapofungwa.

5. KABLA YA KUNUNUA

Kikundi kiulize maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu:

- Boti imetolewa majini tuione tumbo? Isiyotolewa tusiinunue.
- Ni ya mbao? Igongwe kwa kipande cha mti. Palipo pazima panalia, palipooza panatoa sauti ya kufa. Kisu kikiingia kwa urahisi, hapo pameoza.
- Imewahi kuongezwa viti, paa au injini nzito kuliko ya kwanza? Kila kilichoongezwa juu kimepunguza utulivu wake.
- Watu wote waliokusudiwa wakiketi ndani, ubavu unabaki sentimita ngapi juu ya maji? Tupime kwa rula, maji yakiwa yametulia.
- Masanduku ya hewa yako, na hayajatoboka?
- Imekaguliwa na mamlaka ya usafiri wa majini, KMA? Cheti kinasema watu wangapi?
- Kuna jaketi ya kuokolea kwa kila mtu, pamoja na watoto?

Halafu swali gumu zaidi: mkopo utalipwa kwa hesabu ya watu wangapi kwa safari? Kama cheti kinasema 8 na hesabu ya faida imeandikwa 12, basi sisi wenyewe tutakuwa tumewaagiza vijana wetu wavunje sheria kila siku ili walipe deni letu. Hatari ya boti mara nyingi huanzia kwenye daftari.

6. ABIRIA AFANYE NINI

Vaa jaketi kabla ya kuondoka, usiikalie. Keti chini na katikati. Mzigo uwekwe sakafuni. Usisimame mpaka boti imefungwa kamba. Na ukiona ubavu umebaki kidogo, shuka. Nauli utapata tena. Mkiwa kikundi, mwenyekiti ndiye aseme kwa niaba ya wote, kwa maana mtu mmoja anaona haya, lakini watu kumi wakishuka pamoja nahodha atapunguza.

Tunapenda kusema ajali ni mipango ya Mungu. Mungu ametupa macho, na rula haina bei.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mara ya mwisho tulipopanda gari au boti iliyojaa kupita kiasi, kwa nini hatukushuka?
2. Katika mradi wetu, uzito umekaa wapi? Je, wote umewekwa juu ya mtu mmoja?
3. Kama tungekuwa wenye boti, nani kati yetu angepewa mamlaka ya kusema "imetosha", na je, tungemtii?

Mungu awabariki, na awafikishe salama wote wanaosafiri juu ya maji.